Kupanda Kilele cha Jane, Hifadhi ya Gombe: maswali ninayoulizwa kila mara

Kila likizo inapokaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa ndugu, jamaa na marafiki wanaotaka kuja Kigoma kupanda Gombe. Maswali ni yale yale, na majibu nimeyaandika mara nyingi kipande kipande. Hapa nimeyaweka pamoja, kwa upana ninaoona yanastahili.

Kilele cha Jane ndiyo mlima gani?

Ni kichwa cha mlima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, kilichoinuka takriban mita 300 juu ya Ziwa Tanganyika. Hakina theluji, hakihitaji kamba, na hakuna atakayekupa cheti ukifika. Ziwa lenyewe liko takriban mita 770 juu ya bahari, na miinuko ya juu kabisa ya Gombe, ile ya ukingo wa Bonde la Ufa upande wa mashariki, inapita mita 1,500. Kilele cha Jane kiko chini ya hiyo, na hapo ndipo penye faida yake: kiko juu vya kutosha kuona mabonde yaliyokizunguka, na chini vya kutosha kusikia kinachoendelea humo.

Kwa nini kinaitwa hivyo?

Jane Goodall, Mwingereza aliyekuja kuwachunguza sokwe, alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960 akiwa na miaka 26, pamoja na mama yake, Vanne. Wakati huo Gombe ilikuwa pori la akiba tangu 1943. Hadhi ya hifadhi ya taifa ilikuja mwaka 1968. Kwa miezi ya mwanzo sokwe walikuwa wakimwona tu wanatoweka. Hakuwalazimisha. Alipanda mlimani akatafuta mahali ambapo angeweza kuwatazama kwa darubini bila wao kutishika, na akawa anarudi hapo hapo kila siku, ili wamzoee kama wanavyozoea jiwe. Juu kule aliweka sanduku la bati lenye birika, kahawa na blanketi, ili sokwe wakilala karibu naye aweze kulala huko huko.

Mwishoni mwa Oktoba 1960 alimwona sokwe akila nyama, jambo ambalo wataalamu wa wakati ule hawakulitarajia kwa mnyama waliyemdhania kuwa wa matunda na majani. Siku chache baadaye, mwezi Novemba, alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka unyasi kwenye kichuguu, akiuvuta taratibu, na kula mchwa walioung'ang'ania. Mpaka siku ile binadamu alihesabiwa kuwa kiumbe pekee anayetengeneza na kutumia zana. Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na utafiti aliouanzisha unaendelea mpaka leo.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanabadilisha namna ya kupanda. Watu wengi hupanda wakihema, wanapiga picha tatu, wanauliza "tunashuka saa ngapi?" Mahali hapa pamejulikana duniani kwa sababu mtu alikaa. Ukifika juu, kaa. Nusu saa kwa uchache, bila muziki na bila kupiga simu. Hili ndilo ombi langu kubwa kuliko yote yaliyomo kwenye ukurasa huu.

Mimi si mtu wa mazoezi. Nitaweza? Na mama yangu mwenye miaka 60?

Kama unaweza kupanda ngazi za jengo la ghorofa nne ukapumzika, ukazipanda tena, utaweza. Ni mpando wa wastani. Njia inaanza Kasekela, kituo cha hifadhi kando ya ziwa, inaingia kwenye msitu wa bondeni wenye kivuli, mizizi iliyotandaa kama vidole, na vijito vya kuvuka kwa kukanyaga mawe. Huko mwili haushtuki. Ukishatoka msituni unaingia kwenye mteremko wa miombo na nyasi, jua linakupata mgongoni, na changarawe inaanza kuteleza chini ya viatu. Hapo ndipo watu wanaponyamaza.

Kwa mama wa miaka 60 ninauliza jambo moja tu: magoti yakoje? Pumzi hurudi ukikaa, lakini kushuka kwenye changarawe ile kunayatesa magoti kuliko kupanda. Mkatieni fimbo nzuri mjini kabla ya safari (ndani ya hifadhi hamruhusiwi kukata chochote), mwambieni mwongozaji mapema kwamba mna mzee, na yeye ndiye atembee mbele. Kundi likifuata mwendo wa mzee, kila mtu anafika. Likifuata mwendo wa vijana, mzee ataishia njiani na lawama zitawafuata mpaka nyumbani.

Mwenye presha, pumu au ugonjwa wa moyo amuone daktari kwanza. Gombe hakuna barabara, na gari la wagonjwa haliwezi kufika.

Inachukua muda gani?

Tengeni asubuhi nzima, tangu saa moja mpaka mchana, ukihesabu kupanda, kukaa na kushuka. Mwenye miguu myepesi atatumia muda mfupi zaidi, lakini sioni anaharakia nini.

Naweza kupanda peke yangu, bila mwongozaji?

Hapana. Kutembea msituni bila mwongozaji hakuruhusiwi; peke yako unaruhusiwa ufukweni tu. Usimchukulie mwongozaji kama gharama ya ziada. Mara moja tulikuwa tumepumzika karibu na kichuguu, mwongozaji wetu akainama akaokota kijiti cha ubua wa unyasi kilichokuwa kimeegeshwa kwenye tundu. Ncha yake ilikuwa imetafunwa na bado ilikuwa na unyevu. Akakigeuza kwenye mwanga, akatuonyesha kichwa cha mchwa kilichobaki kikiwa kimeuma, akasema, "Ameondoka sasa hivi huyu." Mimi nilikuwa nimekipita kijiti kile bila kukiona.

Kuna jambo wageni wengi hawalijui, nami hulisema kwa fahari. Baada ya miaka ya mwanzo, kazi ya kuwafuata sokwe kuanzia wanapoamka kwenye viota mpaka wanapolala imefanywa zaidi na Watanzania, wengi wao wakiwa wenyeji wa vijiji vya jirani, watu kama Hilali Matama, na kumbukumbu zao za kila siku waliziandika kwa Kiswahili. Sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inayajua kuhusu sokwe wa Gombe iliandikwa kwanza kwa lugha hii unayoisoma.

Nikipanda kileleni nitawaona sokwe?

Huenda ukawasikia. Kuwaona ni bahati. Watu wanachanganya mambo mawili: kupanda Kilele na kuwafuatilia sokwe. Sokwe wa Gombe ni karibu 100, wamegawanyika katika jamii za Kasekela, Mitumba na Kalande, na hakuna anayepanga ratiba na mgeni. Ukienda kuwafuatilia, utakwenda waliko, iwe bondeni au kwenye mteremko ambao huna hamu nao. Ukienda Kilele, utafika Kilele.

Ushauri wangu ni kutenga siku mbili: ya kwanza kwa sokwe, ya pili kwa Kilele. Mwenye siku moja achague sokwe asubuhi, na kama walikuwa karibu na nguvu zimebaki, ajadiliane na mwongozaji kuhusu Kilele au maporomoko ya Kakombe. Maporomoko ni matembezi mepesi zaidi: maji yanaanguka takriban mita 25 kwenye ukuta wa mwamba wenye kuvu na mizizi inayoning'inia, na chini yake kuna ubaridi ambao mwili ulioloa jasho unaushukuru.

Mara utakaposikia kelele zao kutoka kule juu utajua. Inaanza sauti ya chini, hu, hu, hu, inapanda, inakuwa mayowe, na bonde la pili linajibu. Nywele husimama.

Masharti ya kuwakaribia ni yapi, na kwa nini ni makali hivyo?

Mnavaa barakoa. Mnakaa umbali wa mita 10 au zaidi. Kundi halizidi watu sita, na muda wa kukaa nao ni saa moja. Kamera isiwake taa. Hamli mbele yao, hamnywi, hamvuti sigara. Haja kubwa msituni ni mwiko. Maliza mambo yako kabla ya kuanza safari.

Ukali huu una sababu. Sokwe ni ndugu wa karibu mno wa binadamu, kwa hiyo maradhi yetu yanawashika, nao hawana kinga tuliyonayo sisi. Mwaka 1966 polio iliingia Gombe, ikaua baadhi yao na kuwalemaza wengine. Magonjwa ya mfumo wa hewa yamewapiga zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Mafua yanayokukera wewe siku tatu yanaweza kumuua mama mwenye mtoto mgongoni.

Mwaka mmoja nilisafiri kutoka mjini nikiwa na kikohozi nilichokiita cha vumbi. Asubuhi mwongozaji alinisikia, akaniita pembeni, akasema kwa upole, "Kaka, leo wewe hutapanda." Wenzangu walikwenda, mimi nikabaki ufukweni. Niliumia, maana nilikuwa nimelipa na nimesafiri. Lakini alikuwa sahihi kabisa, na tangu siku hiyo nikiwa na kamasi tu siiti boti. Nawe usimfiche mwongozaji.

Watoto je?

Kwenye kuwafuatilia sokwe kuna umri wa chini unaowekwa na hifadhi, na hauna mjadala. Ulizeni TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania) kabla ya kulipa chochote, msije mkamfikisha mtoto Kasekela akabaki analia. Sharti hili halikuwekwa kwa kubahatisha. Mwaka 2002 sokwe dume mkubwa aliyeitwa Frodo alimpokonya mtu mtoto mchanga ndani ya hifadhi na kumuua. Sokwe huwinda mbega wekundu na watoto wa nyani, nguruwe pori na pongo. Ana nguvu kupita kiasi, na mtoto wa mtu kwake si mtakatifu. Wapenda wanyama wengi hawataki kusikia hili. Mimi naona heshima ya kweli kwa sokwe inaanza na kukubali kwamba si mdoli.

Sokwe akitujia tufanye nini?

Pisheni njia, kaeni pamoja, msikimbie, msipige kelele. Dume akianza kutamba, akiburuta matawi na kurusha mawe, msogelee mwongozaji, shikilia mti, tulia. Mara nyingi anawatambia wenzake, wewe umejikuta tu njiani.

Kuna simba? Tembo? Chui?

Gombe haina simba wala tembo. Chui yupo, lakini wengi tunaishia kuambiwa alipita. Nyoka wapo, kwa hiyo angalia unapoweka mkono na mguu. Siafu wakikatiza njia, ruka haraka, usisimame kushangaa. Upupu nao upo, na ukikupata utaujutia siku nzima: suruali ndefu na mikono mirefu.

Mnyama atakayekusumbua hasa ni nyani. Nyani wa Kasekela wamekaa na watu miaka mingi, wanajua zipu, wanajua mfuko wa plastiki, wanajua na mlango uliosahaulika. Ndiyo maana nyumba ya wageni ya hifadhi ina nyavu za chuma. Usile nje, usitembee na chakula mkononi, funga mlango hata kama unatoka dakika moja. Niliwahi kuona nyani akishuka kwenye paa bila haraka, akavuta zipu ya begi la mwenzetu, akatoa mandazi peke yake, na kuacha kamera. Usishindane naye. Usimkazie macho wala kumwonyesha meno, kwani kwake huo ni ugomvi.

Nafikaje Gombe kutoka Kigoma mjini?

Kwa maji tu. Ni kama kilomita 16 kaskazini mwa mji, lakini hakuna barabara inayoingia.

Njia ya kwanza ni boti ya hifadhi au ya kukodi, ambayo hutumia karibu saa moja. Kodi yake ni kubwa, inafaa kundi la kuchangiana. Njia ya pili ni boti za abiria za vijiji vya mwambao, zinazoondoka Kibirizi mchana kuelekea Mwamgongo na mbele yake. Hizi ni nafuu sana na huchukua saa tatu hadi nne. Jumapili usizitegemee. Utakaa na magunia, madumu ya mafuta ya mawese, kuku waliofungwa miguu na akina mama wanaorudi sokoni. Salimia kwa "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, kama ni asubuhi bado, na safari itakuwa nyepesi. Mwambie nahodha mapema kwamba unashuka Kasekela.

Boti hizi zinarudi mjini asubuhi mapema. Piga hesabu: ukifika leo jioni, ukapanda kesho, unarudi keshokutwa. Ni siku mbili za kulala, wala si safari ya kwenda na kurudi kama wengi wanavyofikiri.

Vyovyote utakavyokwenda, dai jaketi okozi na ulivae. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, na upepo wa kiangazi hulichafua mchana bila kupiga hodi. Nahodha akisema leo hatuendi, mshukuru.

Na Kigoma yenyewe?

Ndege, basi, au treni ya reli ya kati, iliyofika hapa mwaka 1914. Ndiyo maana tunaitwa mwisho wa reli.

Gharama zikoje?

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na kiwango chao ni kidogo mno kikilinganishwa na cha wageni wa nje. Kitambulisho cha taifa (cha NIDA) ndicho kitakachokuokoa, usikisahau. Unalipa kiingilio, mwongozaji, malazi na, ukiwafuatilia sokwe, malipo yake. Viwango hutangazwa na TANAPA na hubadilika, kwa hiyo sitaviandika hapa. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu. Na Watanzania wenzangu, tusiseme tena kwamba hifadhi ni za Wazungu: fedha inayotumika kwenye harusi moja ya rafiki inatosha safari hii.

Niende mwezi gani?

Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Oktoba, njia ni kavu na nyasi zimepungua. Kasoro yake ni moshi na vumbi: Agosti na Septemba unaweza kufika juu ukaona ziwa likiyeyuka kwenye ukungu wa kijivu, ng'ambo usiione kabisa. Masika njia inateleza na unaloa, lakini hewa huwa imeoshwa, na sokwe mara nyingi hawatembei mbali.

Ukiniuliza mimi, nakwambia mwishoni mwa Mei au Juni mwanzoni. Mvua imekwisha, moto wa nyasi haujaanza, milima ya Kongo upande wa pili inaonekana mpaka mikunjo yake.

Nibebe nini?

Maji lita mbili kwa mtu, si chini ya hapo. Viatu vyenye soli ya meno ambavyo umeshavivaa. Viatu vipya vitakuchubua. Koti la mvua hata kiangazi kikikaribia kwisha. Kofia, barakoa za akiba, darubini kama unayo au ya kuazima, dawa zako, dawa ya mbu, tochi, pawabenki. Chandarua ukiwa na shaka. Chakula kikavu kifungwe vizuri, kikae ndani ya begi mpaka mwongozaji aseme. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo tumia kikapu au mfuko wa kitambaa. Kila ulichopanda nacho shuka nacho, hata ganda la ndizi.

Nguo zisiwe za kung'aa.

Nikifika juu nitazame nini?

Kwanza sikiliza, macho yatafuata. Upande wa magharibi ni ziwa, na mitumbwi ya wavuvi inayoonekana kama punje za mchele. Chini yako ni mabonde, kijani kibichi kwenye mkondo wa maji na rangi ya kahawia kwenye migongo. Tafuta mti unaotikisika wakati mingine imetulia: hapo kuna mbega, kima, au sokwe. Tafuta na viota vya sokwe, mafungu ya majani yaliyofumwa juu ya mti, yakiwa yamekauka kama ni vya zamani.

Kisha geuka mashariki. Ukipandishwa mpaka ukingo wa juu utaona hifadhi inapokomea na mashamba yanapoanzia, mstari uliokatika kama kwa kisu. Zamani msitu uliendelea. Gombe ni ndogo, na sokwe wake wamezungukwa. Tangu 1994 mradi wa Tacare, wa taasisi aliyoianzisha Goodall, umekuwa ukifanya kazi na vijiji vya jirani kwenye miti, maji, elimu na matumizi ya ardhi, na mahali pengine vilima vilivyokuwa uchi vimeanza kuota tena. Mtu wa kijijini anahitaji kuni na shamba la muhogo, na sokwe anahitaji mti. Mwongozaji wako huenda ametoka kijiji kimojawapo. Muulize, kwa heshima, kwao hali ikoje.

Nataka kitu kigumu zaidi.

Nenda Mahale, zaidi ya kilomita 100 kusini. Mlima Nkungwe una mita 2,462, Watongwe wanauheshimu kama mahali patakatifu, na kuupanda ni safari ya siku kadhaa pamoja na askari mwenye silaha, kwa sababu huko chui na simba si hadithi.

Nikishashuka Kilele, jioni kuna nini cha kufanya?

Oga, kula mgebuka wa kuchoma na ugali wa muhogo kama mpishi amepata samaki, kisha keti ufukweni. Giza likiingia, wavuvi wa dagaa wanawasha taa zao, na ziwa linakuwa kama mji. Siku za mbalamwezi taa hizo huzikuti, kwa kuwa mwanga wa mwezi hutawanya dagaa. Wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Anayetaka kuziona apange safari yake kwenye siku za giza.

Funga begi usiku huo huo. Boti ya kijiji inapita Kasekela jua likichomoza, na haikai. Uwe mchangani saa kumi na mbili, viatu mkononi, kwa sababu utapandia majini.